Umeme wa Rufiji Umepatikana, Mto Wenyewe Je?

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2017 kujenga bwawa la umeme la Mto Rufiji ndani ya Pori la Akiba Selous, mjadala ulibanwa kwenye swali moja bovu: mnataka umeme au wanyama? Aliyehoji aliitwa mpinga maendeleo. Aliyetetea alionekana hajali tembo. Leo Bwawa la Julius Nyerere limesimama, lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na hakuna atakayelibomoa. Wengi wameona basi, yamekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza yameanza.

Tuwe wakweli kuhusu tembo. Miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja. Kufikia 2014 walibaki kama 15,000. Waliwamaliza majangili, si zege. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, miaka minne kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa Desemba 2018. Kwa hiyo kulibebesha bwawa dhambi zote ni kukwepa historia. Lakini pia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous na kutangazwa 2019, haifuti deni la bwawa, kwa sababu mto hautii mipaka ya hifadhi.

Watu wa Rufiji wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Kwa vizazi vingi wamelima mlau: maji ya mafuriko yakishuka, yanaacha tope lenye rutuba na unyevu, nao wanapanda humo bila mbolea wala mvua. Mafuriko ya kiasi ni mgeni wanayemngoja. Tope hilohilo ndilo linalojenga delta na msitu wake wa mikoko, mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na humo kwenye mikoko ndimo kamba wachanga wanamokulia kabla ya kuvuliwa baharini. Bwawa linalizuia tope hilo, likazama nyuma ya ukuta. Linaweza kuachia maji. Rutuba haliiachii kirahisi. Na Aprili 2024, mafuriko makubwa yalipoikumba Rufiji na Kibiti, wananchi walinyooshea bwawa kidole, Serikali ikasema mvua ndiyo iliyozidi, tena bwawa lilipunguza madhara. Ubishi kama huo hustawi pale ambapo mkulima hajui ni lini milango itafunguliwa na maji kiasi gani yanakuja.

Sasa tazama juu ya mto, maana huko ndiko wenye umeme wanakopaswa kuogopa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero, bonde la ardhi oevu lililojulikana kwa swala aina ya sheshe, na linalobanwa na mashamba na mifugo mwaka hadi mwaka. Tumeshaona mwisho wa njia hiyo. Ruaha Mkuu, tawi jingine la Rufiji, ulianza kukauka wakati wa kiangazi miaka ya 1990, kilimo cha umwagiliaji na mifugo vilipolizidi bonde la Usangu, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kwenye mto huo yalipopungukiwa maji, taifa zima lilionja mgawo wa umeme. Kilombero ikifuata mkondo huo, mitambo tisa itabaki mapambo ya gharama ya matrilioni.

Hapo ndipo lile swali la mwanzo linapoanguka. Mhifadhi wa Kilombero na mhandisi wa TANESCO wanayahitaji maji yaleyale, na mkulima wa mlau pia.

Hivyo mambo mawili yafanyike. Kwanza, ratiba ya kuachia maji itangazwe hadharani kila msimu, ifuate mapigo ya asili ya mto, na vijiji vya chini vishirikishwe kuipanga. Pili, sehemu ya mapato ya kila uniti itengwe kisheria kutunza vyanzo vya Kilombero, ikiwamo kuwapa wakulima na wafugaji wa huko njia nyingine ya kuishi badala ya kuwafukuza tu kwa operesheni. Wabunge wanaoidhinisha bajeti ya nishati wana uwezo wa kuyadai yote mawili. Wayadai.