Goma: Kupima Ukimwi bila kufuatilia wagonjwa haitoshi
Mwezi wa Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Siku chache baadaye M23 ikaingia Goma. Februari, wakimbizi wa ndani waliamriwa kuondoka kambini. Wenye kumeza dawa za virusi vya Ukimwi wakatawanyika hadi Masisi na Rutshuru.

Kwa hiyo msimamizi wa wahamasishaji wa afya asihesabu waliopimwa tu. Kila juma aulize: nani amefika kituo cha afya, nani ameanza dawa, nani amepotea? Aliyepotea atafutwe, bila jirani kujua sababu. Mgonjwa ambaye dawa zimeshusha virusi vyake hadi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Lakini mhamasishaji atamfikiaje bila nauli ya pikipiki? Wakuu wa afya na wafadhili wajibu.