Mshale Usemao Uongo

Desturi ya baadhi ya mafundi ya kukata nyaya za kihisi joto na kuiunga feni ya rejeta moja kwa moja na swichi ya gari yafaa kupingwa. Feni huzunguka, naam, lakini injini hubaki bila mlinzi.

Ndani ya kihisi mna kipande cha oksidi za metali ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyozidi: katika aina moja iliyoenea, yapata ohmi 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na chini ya 200 kwenye nyuzi 100. Waya ukikatika, ukinzani huwa hauna kikomo, na injini iliyo moto huweza kusomwa kuwa baridi. Aidha, kihisi hupima maji yanayokizunguka tu. Yakivuja yote, mshale waweza kushuka ilhali silinda zinaungua. Dereva hufurahi!

Utunzaji si mgumu: maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, na viungo vya nyaya visafishwe. Kukijaribu kwatosha sufuria ya maji ya moto, kipimajoto na kipima ukinzani. Wanafunzi na wachore grafu yake. Haitakuwa mstari ulionyooka.