Ng'ombe wa Ulemo anauzwa kwa macho, damu yake haijawahi kupimwa. Nani anakula hasara?



Leo naomba niwaondoe kwenye siasa kidogo. Mada ni uzito na damu. Najua kuna atakayesema "aah, mambo ya mifugo hayo, mimi yananihusu nini?" Ndugu yangu, kama umetokea Iramba kuna uwezekano mkubwa ada yako ya sekondari ilitembea kwa miguu minne mpaka mnadani. Kwa hiyo tulia, yanakuhusu.

Nianze mbali kidogo. Kuna nchi inaitwa New Zealand. Kule wanafuga mnyama ambaye wazungu walimleta kutoka Ulaya, wakamwachia porini, akawa kero kwa misitu. Sisi tukimwita kulungu mwekundu hatutakosea sana, ila si kulungu wetu huyu. Wa kwetu ana pembe za kudumu. Huyu dume lake linaangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Serikali yao iliruhusu kumfuga kwa leseni mwishoni mwa miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamefika kama milioni 1.7. Leo wako chini ya milioni moja, lakini biashara ipo.

Kilichonivutia ni jinsi wanavyomjua mnyama wao. Anapita kwenye mzani akiwa mtoto, anapita tena kabla ya baridi, anapita tena kabla ya kwenda machinjioni. Mfugaji anajua dume likiingia msimu wa kupanda majike linasahau kula na linaweza kupoteza moja ya tano ya uzito wake, hata zaidi. Kwa hiyo hauzi wakati huo. Kundi likionekana linadumaa, daktari anachukua damu kwenye chupa, anaangalia chembe nyekundu, anaangalia madini kama shaba, maana kulungu akikosa shaba mifupa inaharibika na miguu ya nyuma inalegea. Akipata jibu ndipo anatibu.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35 kwa hesabu za serikali za miaka ya karibuni. Tuko kwenye kundi la vinara wa Afrika. Hebu niulize: ng'ombe wa baba yako ana kilo ngapi? Kimyaa.

MNADANI KUNA NINI

Nimesimama kwenye minada ya Iramba mara nyingi. Mzee anatoka Ulemo na dume lake tangu alfajiri. Dalali anakuja, anampapasa mgongo, anamshika nundu, anarudi nyuma hatua mbili, anataja bei. Mzee anataja yake. Wanavutana mpaka jua linapokuwa kali, mzee anakumbuka safari ya kurudi, anakubali. Kwa kifupi, mmoja ana uzoefu wa kukadiria ng'ombe mia kwa mwezi, mwingine anauza wawili kwa mwaka. Hapo nani atampiga mwenzie? Dalali wala hahitaji kuwa mwizi, anahitaji tu kujua zaidi yako.

Tuchukue mfano wa kwenye karatasi. Funga kamba kifuani kwa ng'ombe, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, upate sentimita 140. Pima urefu kutoka bega mpaka mfupa wa kalio, upate 115. Zidisha 140 kwa 140, zidisha kwa 115, gawa kwa 10,840. Jibu ni kama kilo 208. Ni makadirio, na kwa zebu wetu wenye nundu yanaweza kuzidi kidogo, lakini ni bora kuliko kupapasa. Sasa dalali akikadiria kilo 180, na tuseme kilo hai ni shilingi 4,000, mzee ameacha 112,000 mnadani. Akiuza wanne kwa mwaka ni 448,000. Hiyo ni mabati ya nyumba, jamani.

Serikali imeimba wimbo wa kuuza mifugo kwa mizani kwa miaka mingi. Sheria ya nyama tunayo tangu 2006, yaani Sheria Namba 10 ya mwaka ule. Wafugaji wengine wameikataa mizani na wana hoja zao, tusiwabeze. Mnyama akitembea kutwa bila maji wala majani anaweza kupoteza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito, na sehemu kubwa ya hicho kilichopungua ni tumbo tu. Mzee wa Ulemo akifika kwenye mzani saa saba mchana, mzani utasema kweli lakini kweli ya mnyama mwenye kiu. Upande wa pili wapo wanaomlambisha mnyama chumvi ili anywe maji mapipa mawili kabla ya kupimwa. Kwa hiyo mzani bila birika la maji na bila utaratibu wa saa za kupumzika ni kubadilisha ugomvi tu.

SASA DAMU

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Uzito unakuambia mnyama amekonda. Haukuambii kwa nini. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, na kuanzia Agosti kila ng'ombe anakonda. Yupi amekonda kwa njaa na yupi ana ugonjwa? Kwa macho wanafanana.

Kipimo chake si cha ajabu. Unachukua tone la damu kwenye kimrija chembamba cha kioo, unakizungusha kwenye mashine dakika tano, chembe nyekundu zinashuka chini, unasoma zimejaza asilimia ngapi. Ng'ombe mzima ni kati ya 24 na 46. Mbuzi ni kati ya 22 na 38. Akiwa chini ya hapo, kuna kitu kinakula damu: nagana inayoletwa na ndorobo, ambao wapo kwenye misitu ya miombo upande wa Itigi na Manyoni, au ndigana baridi ya kupe, au minyoo. Wa njaa mpe chakula. Wa nagana ukimpa chakula bila dawa unapoteza mashudu.

Na mashudu tunayo! Singida ni mkoa wa alizeti. Tunakamua mafuta, halafu malori yanapakia mashudu yanaondoka, huku ng'ombe wetu wanahesabika mbavu. Hilo nalo ni la kujadili.

Kwa mbuzi hali ni mbaya zaidi. Kuna mnyoo mmoja anakaa tumbo la nne, kila mmoja ananyonya kama mililita 0.05 za damu kwa siku. Unaona ndogo? Mbuzi akiwa nao 5,000 anapoteza robo lita kwa siku. Anavimba chini ya taya, anakufa, watu wanasema karogwa au kala nailoni.

Kwa huyu Waafrika Kusini walitoa jibu la bei rahisi miaka ya 1990. Ni kadi yenye rangi tano inaitwa FAMACHA. Unafunua kope ya chini ya mbuzi au kondoo, unalinganisha. Namba 1 ni nyekundu, mzima. Namba 4 na 5 ni nyeupe, mpe dawa haraka. Watoto na wenye mimba wape hata wakiwa namba 3. Wengine waache. Ukimpa kila mbuzi dawa kila mwezi, minyoo inazoea na dawa inageuka maji. Kumbuka kadi hii ni ya mbuzi na kondoo, msiipeleke kwa ng'ombe.

Ila damu nayo inaweza kudanganya. Wafuga kulungu waliligundua hili vizuri: mnyama akiogopa, bandama linajikamua na kumwaga chembe nyekundu za akiba, kipimo kinapanda. Akiwa na kiu kinapanda pia, kwa kuwa maji ya damu yamepungua. Kwa hiyo ng'ombe aliyekimbizwa kwa fimbo mpaka mnadani anaweza kusoma mzima kumbe ni mgonjwa. Damu ipimwe nyumbani, asubuhi, mnyama ametulia. Mnadani tumechelewa.

MASWALI YANGU

Juni 2025 Rais Samia alizindua kampeni ya chanjo ya mifugo pale Bariadi, Simiyu. Homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, mdondo wa kuku. Ni jambo zuri, naliunga mkono bila kinyongo. Lakini chanjo haitibu minyoo, haitibu nagana, na haimwambii mzee ng'ombe wake ana kilo ngapi.

Maabara ya veterinari ya kanda yetu ya kati iko Dodoma. Mwenye mbuzi wanane Ulemo hawezi kupanda basi na chupa ya damu. Nadhani kata ingeanza na vitu vitatu: utepe wa kupimia kifua, kadi ya rangi, na mashine moja ya kuzungusha damu anayopita nayo bwana mifugo kwa pikipiki kwa ratiba inayojulikana. Mafuta ya pikipiki yatoke kwenye ushuru wa mnada huo huo. Mfugaji analipa ushuru kila anapouza. Anarudishiwa nini?

Na sisi vijana tusisubiri halmashauri. Utepe wa fundi cherehani unao nyumbani. Hesabu nimekupa hapo juu, kikokotoo kipo kwenye simu. Chapisha ukurasa huu, mpelekee mzee. Wiki ijayo akienda mnadani aende na namba yake mfukoni, dalali akitaja yake waanze kuzungumza kama watu wawili wanaojua kitu kimoja.

Anayejua mnada ambao mizani inafanya kazi vizuri atuambie ni wapi na wamefanyaje. Bwana mifugo uliye field, tupe hali halisi, hata bila jina. Anayeona naota ndoto za mchana naye aseme, ila aje na hoja, matusi nayafuta.

Uwanja ni wenu wadau.