Gofu imevuka mpaka, vyeti vyetu bado

Sijawahi kushika fimbo ya gofu, na sidhani kama wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi. Kwetu ni mchezo wa wakubwa. Hata hivyo, wenye gofu wamemaliza jambo moja ambalo nchi zetu bado zinalizungukazunguka: namna ya kupima kiwango cha mtu aliyetoka nchi nyingine.

Gofu haina chombo kimoja chenye nguvu zote kama ilivyo FIFA kwenye soka. Sheria zake ziko mikononi mwa wawili: R&A ya St Andrews, Scotland, na USGA, iliyoanzishwa mwaka 1894. USGA inasimamia Marekani na Mexico; dunia iliyobaki, Afrika Mashariki ikiwemo, iko upande wa R&A. Tangu mwaka 1952 wawili hao wanapatana juu ya sheria.

Kwenye fedha hakuna umoja huo. Mwaka 2022 ligi mpya ya LIV, kwa fedha za mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, iliwavuta wachezaji nyota, na PGA Tour ya Marekani ikawafungia. Juni 2023 pande hizo zilitangaza makubaliano yaliyowashangaza hata wachezaji wenyewe. Lakini katika ugomvi wote huo, aliyehama na aliyebaki walicheza kwa sheria zile zile.

Jambo linalotuhusu zaidi ni handikapu, yaani namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji, ili asiye hodari apewe nafuu anaposhindana na aliyemzidi. Hadi mwaka 2019 kulikuwa na mifumo sita mikubwa duniani, na namba ya huku haikuwa na maana ile ile kule. Mwaka 2020 R&A na USGA wakaanzisha mfumo mmoja. Huchukuliwa matokeo 20 ya mwisho, yakatafutwa 8 yaliyo bora, ukapatikana wastani. Kila kiwanja nacho hupimwa ugumu wake, na hesabu hurekebishwa kulingana na kipimo hicho.

Hapo ndipo penye somo. Hawakulazimisha viwanja vyote vifanane. Walikubaliana namna ya kupima tofauti zake.

Mimi nilisomea katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, kwa Kiswahili, kisha Kiingereza. Niliporudi Burundi mwaka 2009 na vyeti vyangu, ofisi niliyovipeleka ilisema shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa, na kwamba hakuna ajuaye alama zangu ni sawa na zipi za hapa. Nilikaa miaka mitatu bila darasa, nikivusha mchele kupitia Manyovu. Mchele wangu haukuulizwa umesoma kwa lugha gani.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na taaluma. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za humu humu zisizozidi thamani ya dola 2,000 amewekewa fomu nyepesi mpakani. Wahasibu na wahandisi nao wamepata makubaliano yao. Mwalimu wa kijijini bado anazunguka na bahasha yake ofisi hadi ofisi.

Wapo wanaosema tusubiri kwanza mitaala ifanane. Watasubiri sana, maana kila nchi ina historia yake na lugha zake. Kinachohitajika ni jedwali moja, lililobandikwa kwenye kila ofisi ya elimu mkoani, linaloonyesha cheti cha Tanzania, Uganda au Kongo ni sawa na kipi hapa, na mwenye upungufu asome somo gani kwa muda gani. Wachezaji wa gofu wamefanyiwa hivyo kwa ajili ya starehe tu. Sisi tunaomba kwa ajili ya kazi, na kwa ajili ya watoto walio darasani bila mwalimu.