Virusi Havina Kabila



Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeguswa. Hata hivyo wapo waliouita ugonjwa wa Wahaya. Uongo huo huua. Mwenyeji wa Kibosho hujiona salama, hapimi. Mgeni aliyepanga chumba Soweto huogopa kunyooshewa kidole, naye hapimi. Wote wawili hufika hospitali wamekwisha kudhoofika, ilhali tangu 2016 dawa hutolewa bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Viongozi wa jumuiya, kabila la mgonjwa lawahusu nini? Amcheleweshaye jirani kwa ulimi wake ashiriki kifo chake. Basi, tuhimize vipimo, tukomeshe masengenyo.