Mwalimu Aliyechoka na Kipimo cha Ufanisi

Mwalimu anayepangiwa shule ya kijijini kama Munisagara, katika bonde la mto Mkondoa kando ya Reli ya Kati, hana budi kujiuliza: nitaipima kazi yangu kwa kipimo gani? Nimewaona walimu hodari wakivunjika moyo kwa kuwahesabu tu watoto waliochaguliwa kwenda sekondari. Walipochaguliwa wachache, walimu hao waliongeza masomo ya jioni, wakapunguza usingizi, mwishowe wakaichukia chaki yenyewe.

Dawa yake si likizo pekee. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba elimu ya msingi yapasa kuwa kamili yenyewe, isiwe matayarisho ya sekondari tu. Fikra hiyo humtua mwalimu mzigo usio wake. Ndugu mwanachuo, kila Ijumaa andika daftarini jina la mtoto mmoja aliyeweza jambo ambalo Jumatatu lilimshinda: kusoma barua ya nyumbani, au kupima shamba la mahindi. Mapumziko hurudisha nguvu za mwili. Daftari hilo litakurudishia moyo wa kazi.