Motokari "mpya" ni mpya kwa nani?

Nyumbani kwetu Lubumbashi, Corolla ya baba imechoka. Asubuhi tunaisukuma, na fundi ametuambia wazi kwamba pesa tunazoitilia sasa zinapita bei yake. Basi familia ikakaa. Kaka anataka motokari "mpya", baba anataka "yenye nguvu", mama anataka "yenye starehe". Nikasikiliza, nikaona kwamba kabla ya kugombania pesa, tulikuwa tunagombania maana ya maneno.

Kwetu motokari "mpya" ni ile iliyofika juzi: imetoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Inaweza kuwa na miaka mingi. Ni mpya kwa kufika, si kwa kutengenezwa. Hata hesabu ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Heri kuangalia visivyodanganya kwa urahisi: pedali zilizolika, kiti cha dereva kilichobonyea, kutu chini.

"Nguvu" nayo si ukubwa wa moteri. Motokari yenye nguvu ni ile ambayo fundi wa mtaa anaijua, na piyesi zake zinapatikana siku ileile. Toyota hazikujaa hapa kwa sababu haziharibiki, ila zikiharibika hazilali garajini miezi.

Na "starehe"? Tulimcheka mama tukidhani anataka viti vya ngozi. Kumbe anasema habari ya mgongo wake. Anataka amortiseri nzuri, kiti kilichoinuka, na motokari isiyogonga mashimo kwa tumbo. Hayo ndiyo yanayolinda motokari yenyewe, kwa maana inayotikiswa kila siku inajivunja. Starehe ya mama na nguvu ya baba ni jambo moja.

Lakini neno moja hakuna aliyelitaja: usukani. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na motokari za Japani zina usukani kulia. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori la madini, dereva wa namna hiyo haoni mbele mpaka atoe nusu ya motokari nje. Corolla yetu ni hivyo. Miaka yote mama ameketi kushoto akiwa macho ya baba: "Ngoja!" "Pita!" Maisha ya watu watano yanategemea neno moja lisemwe kwa wakati wake.

Najua usukani wa kulia ni bei nafuu, na wengi wetu hatuna njia nyingine. Ila kama familia inaweza kungoja miezi michache na kuongeza akiba, maoni yangu ni haya: tununue Corolla nyingine, hata ikiwa na umri mkubwa kuliko ile anayoitaka kaka, mradi fundi wetu aikague na usukani uwe kushoto. Mama amebeba kazi ile muda wa kutosha.